Turubai juu ya Ulingo

Katika mashamba yaliyo mbali na mji wa Likasi, mahindi yanapoanza kukomaa, baba wa nyumba hawezi kulala mjini. Nguruwe-mwitu na nyani hawangoji Jumamosi. Basi huhamia huko pamoja na mwanawe, hujenga ulingo wa miti, na juu yake hutandaza turubai. Wachoma makaa nao wajua malazi ya namna hii. Jambo hili laonekana dogo, lakini nchi yetu i karibu mita 1,300 juu ya bahari, na mtoto aliyelowa usiku hapati joto upesi.

Ulingo una faida yake: maji ya Januari hupita chini, na nyoka hafiki kwa urahisi. Lakini una taabu moja. Ardhini kamba hufungwa kwenye vigingi. Juu ya ulingo kigingi hakina pa kuingia. Wengi hupigilia turubai misumari katika boriti, na dhoruba ya kwanza hulipasua kama gazeti. Afadhali, wakati wa kujenga, boriti za pembeni ziachwe zitokeze nje ya sakafu kadiri ya mkono mmoja kila upande. Huko ndiko kamba zifungwapo, zikivuta chini na nje, jinsi itakiwavyo. Ikiwa boriti zimekwisha kukatwa fupi, funga kijiti kinene mwisho wa kamba, ukipenyeze kati ya miti ya sakafu, kisha ukigeuze kilale kikingamo chini yake. Kitashika kama komeo.

Mwamba ukae juu ya nguzo mbili zenye panda, na turubai lishuke pande zote mbili kwa mteremko mkali. Usione haya kuushusha mwamba hata mtu asiweze kusimama, usiku hatusimami. Upande ulioshuka sana uelekee upepo. Wakati wa kiangazi upepo watoka kusini-mashariki, bali dhoruba za masika huja zitakavyo, basi tazama mawingu kwanza.

Maturubai ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi hukatwa mita 4 kwa 5. Mvua ya milimita 30 humwaga lita 600 juu ya turubai la ukubwa huo. Palipolegea, maji hukusanyika: dimbwi la mita moja ya mraba, kina sentimita 10, ni kilo 100, nalo laning'inia juu ya vichwa vya watoto wako. Kamba ya nailoni hulegea ikilowa, kwa hiyo ikaze tena mvua ikianza. Ya katani hujikaza yenyewe, hata huweza kung'oa pete ya turubai. Pete ikitoka, funika kijiwe laini kwa pembe ya turubai, ukaze kamba nyuma yake.

Wazee wa Likasi wayajua haya kwa uchungu. Mwaka wa 1992 watu wenye asili ya Kasai walianza kufukuzwa katika nyumba zao, na makumi ya maelfu walikimbilia stesheni ya reli na shule, wakingoja gari-moshi la kuwapeleka Kasai. Wengine walingoja miezi, wakiwa na kinga haba, na mvua zikawakuta. Sementi nayo haipokei kigingi. Magonjwa yaliua wengi, na watoto walikuwa miongoni mwao.

Mwezi wa Juni na wa Julai baridi huwa kali, na mtu hushawishika kuingiza mbabula chini ya turubai na kushusha pande zote. Msifanye hivyo, akina baba. Hewa ya sumu itokayo katika makaa haionekani wala hainuki. Hulevya, hulaza, huua. Tena plastiki ikishika moto hudondoka ikiwaka. Mbabula ibaki nje, upande uendako upepo. Mahali pake tandikeni nyasi kavu, nene, kwa maana juu ya ulingo baridi hupita chini ya mgongo, na blanketi moja la kufunika halitoshi ikiwa chini hamna kitu.

Asubuhi turubai lianikwe kabla ya kukunjwa, na kazi yake ikiisha lisiachwe juani bure. Jua la Katanga huiozesha plastiki kuliko mvua.