Mwamba Uliofungwa Lazima Uhesabiwe

Kijiji chako kina mwamba baharini. Wazee wako walivua hapo. Wewe nawe unavua hapo. Siku moja unaitwa mkutano wa kijiji. Bwana Samaki anasema mwamba ufungwe, mtu yeyote asivue. Wewe unasimama na kuuliza, "Watoto wangu watakula nini?"

Swali hilo ni la haki. Usikubali kunyamazishwa. Lakini pia usikubali kujibiwa kwa kubahatisha. Jibu la kweli hupatikana kwa kuhesabu.

MWAMBA UNA UHAI

Watu wengi hudhani matumbawe ni mawe tu. Sivyo. Matumbawe hujengwa na wanyama wadogo sana wanaoishi pamoja kwa maelfu. Nao hujenga polepole. Tumbawe la mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka. Basi tumbawe lenye kimo cha mita 1 lina umri wa miaka 100 hivi. Babu yako alilikuta. Baruti hulivunja mara moja.

Samaki wengi hula, hujificha na hukulia mwambani. Mwamba ukifa, nao hupungua.

FUNZO LA KIKANDE

Jirani zetu wa Kenya walifunga sehemu za bahari huko Malindi na Watamu mwaka 1968. Baadaye walifunga pia sehemu ya bahari ya Mombasa. Wataalamu walizamia ndani ya sehemu zilizofungwa. Kisha wakazamia nje, mahali watu wanapovua. Walihesabu samaki na matumbawe. Walimhesabu pia yule mnyama wa mviringo, mwenye miiba pande zote, anayechoma miguu ukimkanyaga. Kila mahali ana jina lake. Hapa tutamwita mnyama wa miiba.

Nje walikuta wanyama wa miiba wengi sana. Ndani walikuta wachache. Kwa nini?

Sababu kubwa ni samaki aitwaye kikande. Kikande ana meno yenye nguvu, na chakula chake kimoja ni mnyama wa miiba. Huko nje kikande walikuwa wamevuliwa mno. Mnyama wa miiba akakosa adui, akaongezeka. Naye pia ana meno. Hula mwani huku akikwangua mwamba. Wakiwa wengi, huwanyima chakula samaki wanaokula mwani, na mwamba wenyewe hulika.

Mvuvi alikuwa ameona kwamba samaki wamepungua. Hilo alilijua kabla ya mtaalamu. Hesabu ilimwonyesha sababu iliyojificha chini ya maji.

TUFUNGE KWA MUDA GANI?

Hapa ndipo kamati nyingi zinaweza kukosea.

Pweza hukua haraka, na maisha yake ni mafupi. Huko Andavadoaka, nchini Madagaska, wavuvi walianza mwaka 2004 kufunga mwamba wa pweza kwa miezi kadhaa. Walipoufungua walipata pweza wakubwa. Pemba nako wako wavuvi waliofuata njia hiyo.

Kikande si kama pweza. Hesabu za Kenya zimeonyesha kwamba kikande hurudi polepole sana. Huweza kupita zaidi ya miaka 10. Basi kamati ikifunga mwamba kwa mwaka mmoja, halafu ikasema, "Kufunga hakufai," imekata tamaa mapema. Na kamati ikiwaahidi watu samaki wa kila aina tele baada ya mwaka mmoja, imewadanganya.

NAMNA YA KUHESABU

Mkulima akitaka kujua kama mbolea inafaa, huweka mbolea katika tuta moja. Tuta jingine huliacha bila mbolea. Wakati wa mavuno hulinganisha. Kuhesabu mwamba ni vivyo hivyo.

1. Chagueni sehemu iliyofungwa na sehemu inayovuliwa. Ziwe za namna moja.
2. Tandazeni kamba iliyopimwa juu ya mwamba.
3. Mzamiaji apite juu ya kamba. Ahesabu samaki, matumbawe yaliyo hai na wanyama wa miiba.
4. Aandike papo hapo, asingoje kukumbuka nyumbani.
5. Rudini mahali pale pale kila mwaka, msimu ule ule.

Kazi hii si ya profesa peke yake. Mkoani Tanga, tangu miaka ya 1990, wanavijiji walifundishwa kuhesabu miamba yao pamoja na maofisa wa uvuvi. Mvuvi anajua mkondo, bamvua na maficho ya samaki. Mtaalamu anajua kupanga hesabu. Kila mmoja anamhitaji mwenzake.

HESABU HUSEMA KWELI

Mwaka 1998 maji ya bahari yetu yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe yakawa meupe na mengi yakafa. Yalikufa katika miamba inayovuliwa, na yalikufa hata katika iliyofungwa. Doria haiwezi kuzuia joto. Kwa hiyo ukiona mwamba umekuwa mweupe, usikimbilie kumlaumu mvuvi. Tazama kwanza hesabu. Inaweza kumtia mtu hatiani, na inaweza pia kumwokoa asiye na kosa.

HESABU IRUDI KIJIJINI

Huenda umewahi kuona wageni wakija na boti. Wakazamia, wakaandika, wakaondoka. Kijiji hakikuambiwa waliona nini. Hesabu ya namna hiyo haimsaidii mvuvi, hata kama ni sahihi.

Wakija tena, waulize mambo matatu. Mnahesabu nini? Mtatuletea majibu lini? Majibu hayo yatabadili nini katika sheria za mwamba wetu? Waambieni waandike majibu kwa Kiswahili, yabandikwe mahali pa mkutano.

Wewe nawe una kazi. Sasa unajua kusoma na kuandika. Nunua daftari. Kila siku uliyovua, andika tarehe, mahali, mtego uliotumia, aina ya samaki na kilo ulizopata. Baada ya mwaka mmoja, daftari hilo litakuwa na ushahidi wako. Siku ya mkutano wa kufunga au kufungua mwamba, simama nalo mkononi. Uliza tena, "Watoto wangu watakula nini?" Safari hii usome tarakimu zako, nao wasome zao. Kisha mwamue pamoja.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, kikande wapo katika mwamba wenu? Zamani walikuwaje?
2. Kwa nini pweza na kikande hawafai kufungiwa muda ule ule?
3. Mwamba ukifungwa, nani ataumia kwanza? Kijiji kimsaidie vipi?
4. Nani katika darasa lenu ataanza kuandika daftari la uvuvi wiki hii?