Umefuta bila kutaka? Kitufe cha «Annuler» na namna kinafanya kazi

Mtu anayepiga mashini kwenye sekretaria ya Bukavu ao Goma anajua ule wasiwasi. Umechagua ukurasa mzima, kidole kimegusa herufi moja, maandishi yote yameenda. Aliyefundishwa atafinya Ctrl na Z pamoja, na kila kitu kinarudi. Mwengine ambaye hakuambiwa ataanza kuandika upya toka mwanzo. Ni kwa ajili ya huyu wa pili ndiyo wanaweka kitufe kwenye kioo: kile kishale kilichopinda kuelekea kushoto, kwa juu, ndani ya Word, ya LibreOffice, hata ya Audacity ambayo inakata sauti.

Huku kwetu kile kishale kiko na faida ingine. Larry Tesler na wenzake wa Apple ndio walichagua herufi Z, wakati walikuwa wanatayarisha kompyuta Lisa iliyotoka mwaka 1983. Kwenye klaviye ya Kiingereza, Z, X, C na V zinafuatana mstari wa chini. Lakini klaviye ya Kifaransa, ile ya AZERTY, imeacha X, C na V kule chini, Z imepanda juu kando ya A, na fasi yake imekaliwa na W. Si shida kama kompyuta inajua ni klaviye gani iko mbele yake. Sasa chukua mashini ya okazio yenye vifungo vya Kifaransa lakini ndani imepangwa kwa Kiingereza. Unafinya Z, yenyewe inasoma W. Na Ctrl na W, katika programu nyingi, maana yake ni kufunga! Ulitaka kurudisha neno moja, dokima nzima inataka kufungwa. Angalia chini kuume, karibu na saa: kama kumeandikwa ENG na klaviye yako ni ya Kifaransa, shida iko pale. Kishale cha kwenye kioo hakijali klaviye.

Kuko pia shida ya neno. Kifaransa cha kompyuta kinasema «Annuler» mara mbili. Kwenye menyu, ni kurudisha nyuma kitu ambacho kimekwisha kufanyika. Kwenye kisanduku kinachokuuliza kama unataka kufunga bila kuhifadhi, neno lile lile ni kuacha, usifanye. Programu za Google kwa Kiswahili zinatofautisha, zinaandika «Tendua» na «Ghairi». Ni sawa, ila mama anayeuza dawa Uvira hasemi hivyo. Kwangu, «Rudisha» na «Acha» zingetosha.

Hii inagusa vijana wetu wa informatiki wanaoandikia maduka, masomo na famasi programu. Mara nyingi kitufe cha kufuta kinawekwa, cha kurudisha hapana. Kuchora kishale ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe iko nyuma yake: programu lazima ikumbuke. Muuzaji ameandika boksi 500 pahali pa 50. Kabla ya kubadilisha, programu inaweka kando hesabu ya zamani, na kila hatua inapangwa juu ya ingine kama sahani. Kurudisha ni kutoa sahani ya juu. Hizo zilizotolewa zinawekwa kwenye rundo la pili, kama mtu akibadilisha mawazo, lakini akifanya jambo lingine jipya, rundo lile la pili linatupwa. Kama hakuna la kurudisha, kishale kiwe cha kijivu, mtu asifinye bure. Wanaotumia Python na Tkinter wajue kwamba kisanduku cha kuandikia cha mistari mingi kinabeba uwezo huo tayari, ila umezimwa hadi uuwashe.

Kwa kesi ya pesa, hapo nasema hapana. Muuzaji akiweza kurudisha mauzo nyuma bila alama kubaki, mwenye duka ataibiwa mchana kweupe. Pale inafaa kufanya kama mhasibu: kosa linabaki kwenye kitabu, na chini yake unaandika hesabu ya kinyume, pamoja na saa na jina la aliyeandika.

Na mtu asidanganyike, kuko vitu ambavyo kishale hakirudishi. Barua pepe iliyokwisha kufika haitoki tena kwa mwenyewe. Gmail inakupa sekunde 5 hadi 30 za kujuta kwa sababu kwanza inaizuia, haijaituma. Pipa la takataka likimwagwa, kishale hakilijui. Ukifunga dokima, lile rundo la sahani kwa kawaida linapotea. Na umeme ukikatika kwenye kompyuta isiyo na betri, rundo linapotea pamoja na yale ambayo hukuhifadhi. Kwa hiyo Ctrl na S kila mara. S, kwa bahati, iko fasi moja kwenye klaviye zote mbili.