Jua na anga letu (2): Joto la Kariakoo hutoka chini

Wiki iliyopita tuliona jinsi nishati ya jua inavyosafiri kilomita milioni 150 hadi kutufikia. Leo tujibu jambo ambalo kila mmachinga wa Mtaa wa Congo analijua kwa ngozi yake: jua huwa utosini mnamo saa sita na nusu, mbona joto huzidi saa nane na saa tisa?

Sababu ni kwamba hewa hupashwa moto zaidi na ardhi kuliko na jua lenyewe. Takriban asilimia 30 ya nishati ya jua hurudishwa angani na mawingu, hewa na uso wa dunia. Asilimia 20 na ushei hunaswa na angahewa. Karibu nusu hupenya hadi chini, na huko ndiko jiko liliko. Lami na zege hupata moto kwanza, kisha huipasha hewa iliyo juu yake, nayo hupanda. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kina barafu kwa kuwa kiko mbali na jiko hilo.

Ardhi nayo hutoa mionzi. Jua hutuletea zaidi mawimbi mafupi, ukiwemo mwanga tunaouona. Ardhi hurudisha mawimbi marefu yasiyoonekana. Naitrojeni na oksijeni huyaacha yapite, bali mvuke na hewa ukaa huyanasa na kurejesha sehemu yake chini. Bila blanketi hilo, wastani wa joto duniani ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri, si 15 juu yake.

Dar es Salaam blanketi hilo ni zito, kwa mvuke wa Bahari ya Hindi. Zamani nyumba za chini za Kariakoo zilikuwa na ua wa mchanga, ambao usiku uliitazama mbingu na kutua joto lake. Leo maghorofa yamebanana, ukuta unatazama ukuta, na joto la mmoja hupokewa na mwenzake. Gusa zege saa tatu usiku: bado lina uvuguvugu wa mchana.

Kwa hiyo tunapokata mwarobaini ili kuongeza fremu ya duka, tunaongeza kuni jikoni. Tuiachie mitaa yetu kivuli, na mahali pa kuiona mbingu.

Wiki ijayo: jinsi joto hili linavyouvuta upepo wa bahari.