Chicago: Barabara Iliyokodishwa kwa Miaka 75

Ndugu wafanyakazi, jina la Chicago si geni kwetu. Kila Mei Mosi twawakumbuka wenzetu wa mji huo waliogoma mwaka 1886 kudai kazi ya saa nane kwa siku, na damu iliyomwagika pale Haymarket tarehe 4 Mei. Safari hii tunawaletea habari nyingine ya mji huo huo. Ukiitazama juu juu utaiona ni habari ndogo: mahali pa kuegesha gari.

Huenda mtatucheka. Wengi wetu twaenda kazini kwa miguu au kwa baiskeli, na gari tunalolijua sana ni lori la kubebea majani ya chai. Hata sisi wenyewe hatukulifikiria jambo hili mpaka siku tulipopeleka shauri la wenzetu wa shambani mjini kwa pikapu ya chama. Mazungumzo na mwajiri yalipita saa tuliyolipia. Tulipotoka nje tulikuta gurudumu la mbele limefungwa pingu ya chuma. Faini ilikula posho yetu yote, tukarudi na njaa. Dereva wetu, mzee wa maneno machache, aliuliza jambo moja tu njiani: "Hivi fedha hii inakwenda kwa nani?"

Kwetu hatukupata jibu. Lakini Chicago jibu lipo, na limeandikwa katika mkataba.

Mashine ya kulipia maegesho kando ya barabara ilianza huko huko Marekani, katika mji wa Oklahoma City, tarehe 16 Julai 1935. Bei ilikuwa senti tano kwa saa. Wenye maduka waliitaka kwa sababu magari ya wafanyakazi wa mjini yalishinda mahali pamoja kutwa nzima, wateja wakakosa nafasi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza mashine hii ilikusudiwa kumwondoa mfanyakazi mbele ya duka. Hata hivyo fedha ilibaki kwa jiji, na jiji lilikuwa na hiari ya kuipandisha bei au kuishusha.

Mwishoni mwa mwaka 2008 jiji la Chicago lilikuwa na upungufu mkubwa katika bajeti yake. Meya wa wakati ule, Richard M. Daley, aliwapelekea madiwani mkataba wa kukodisha mashine zote za maegesho za jiji, kiasi cha nafasi 36,000, kwa kampuni ya watu binafsi kwa muda wa miaka 75. Bei yake ilikuwa dola bilioni 1.15, kulipwa mara moja. Madiwani walipewa siku chache tu za kuusoma. Tarehe 4 Desemba 2008 walipiga kura: 40 waliukubali, watano waliukataa. Mtoto aliyezaliwa Chicago wiki ile atakuwa mzee mwenye wajukuu mkataba huo utakapokwisha.

Wenye fedha nyuma ya kampuni hiyo hawakuwa wakazi wa Chicago. Walikuwamo benki ya Morgan Stanley, kampuni ya bima ya Allianz ya Ujerumani, na mfuko wa uwekezaji wa serikali ya Abu Dhabi. Mwaka 2009 mkaguzi mkuu wa jiji alipiga hesabu zake, akasema kwamba jiji limepunjwa: mali ile ilistahili kiasi cha dola milioni 974 zaidi ya walichopokea. Na hicho walichopokea hakikukaa. Sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kutumika kuziba mapengo ya bajeti Daley alipoondoka madarakani mwaka 2011.

Sasa tazameni bei. Katikati ya mji kuna mtaa wa maofisa na mabenki uitwao Loop, kwa vile reli ya juu imeuzunguka kama kitanzi. Kabla ya mkataba, saa moja pale ilikuwa dola 3. Mwaka 2009 ikawa dola 3.50, na ikazidi kupanda kila mwaka mpaka dola 6.50 mwaka 2013. Katika mitaa ya mbali na hapo, ambako wengi walizoea kulipa senti 25 kwa saa, ikawa dola 2. Mwanzoni mashine za zamani zilikuwa bado zinapokea sarafu. Mtu wa kuegesha saa mbili pale Loop alihitaji sarafu 28 za senti 25, mfuko mzima unaning'inia kama wa konda wa basi. Mashine nyingine zilijaa sarafu zikagoma kufanya kazi, na watu wakatozwa faini kwa ubovu wa mashine. Hasira ikawa kubwa mjini.

Tupige hesabu ya mfanyakazi. Mwaka 2013 mshahara wa chini katika jimbo la Illinois ulikuwa dola 8.25 kwa saa, yaani dola 66 kwa siku ya saa nane kabla ya kukatwa kodi. Saa nane za maegesho pale Loop kwa dola 6.50 ni dola 52. Zinabaki dola 14 za kula, kodi ya nyumba na karo. Tena mashine zenyewe zina kikomo cha muda, kwa hiyo mwenye gari hawezi kuliacha mpaka jioni hata akiwa na fedha. Na usiku pia hapakuwa na nafuu kamili. Mwenzetu anayefagia maofisa wakati wenyewe wamelala alikuta nusu bei inamngoja barabarani.

Basi watu hufanyaje? Wenye akili ya safari huacha gari mbali, kwenye vituo vya reli vyenye uwanja wa kuegesha, kama Cumberland upande wa kaskazini-magharibi au Howard upande wa kaskazini, wakamalizia kwa treni. Wengine huwahi majengo ya maegesho asubuhi sana, kwani mengi hutoza bei nafuu kwa anayeingia mapema. Lakini hata majengo makubwa yaliyo chini ya bustani za Grant Park na Millennium Park yalikwisha kukodishwa mwaka 2006, kwa miaka 99, kwa dola milioni 563.

Aliyekosa yote hayo hubahatisha, na hapo ndipo maumivu yanapoanza. Faini isiyolipwa Chicago huongezeka maradufu. Faini zikirundikana, gari hufungwa pingu, kisha huvutwa. Mwaka 2018 waandishi wa habari wa ProPublica na redio ya WBEZ walionyesha jinsi madeni ya faini za magari yalivyowasukuma maelfu ya watu, hasa wa mitaa ya Weusi, kwenda mahakamani kutangaza kwamba wamefilisika. Walionyang'anywa leseni walishindwa kufika kazini, na wasiofika kazini hawakuwa na la kulipia faini. Sheria ya kuwanyang'anya watu leseni kwa ajili ya faini za maegesho ilifutwa Illinois mwaka 2020.

Jambo moja la kututia moyo kama wanachama. Mwezi ule ule wa Julai 1935 mashine ya kwanza ilipowekwa Oklahoma City, Marekani ilipitisha sheria ya kuwalazimisha waajiri kujadiliana na vyama vya wafanyakazi. Chini ya sheria hiyo maegesho ya wafanyakazi huhesabiwa kuwa sehemu ya masharti ya kazi. Mwajiri akitaka kuanza kutoza fedha katika uwanja uliokuwa wa bure, hana budi kukaa mezani na chama kwanza. Hiyo ni kwa uwanja wa mwajiri.

Kwa barabara ya jiji ni vingine. Mkataba wa Chicago unasema kwamba jiji likiziondoa nafasi katika matumizi kupita kiwango kilichoandikwa, iwe kwa matengenezo ya barabara au kwa sherehe za mitaani, litailipa kampuni fidia. Mwaka 2013 Meya Rahm Emanuel alijaribu kulegeza kamba. Alipata Jumapili ya bure katika mitaa iliyo nje ya katikati ya mji. Kampuni nayo ikapewa saa zaidi za kutoza usiku katika siku nyingine.