Faida ya piza iko kwenye mkato

Muuza piza kwa vipande hupata au hupoteza faida mahali pawili: anaponunua unga na jibini, na anaposhika kisu. Wengi huangalia pale pa kwanza tu.

Piza ya duara yenye kipenyo cha sentimita 40 ina eneo la sentimita za mraba zipatazo 1,256. Ikikatwa vipande vinane kupitia katikati kabisa, kila kimoja huwa na 157. Lakini mikato ikikutana sentimita tano tu pembeni mwa kitovu, kipande kikubwa huwa zaidi ya mara mbili ya kile kidogo, na bei ni ileile. Wateja wa mwanzo watachagua vikubwa. Wa mwisho ataomba apunguziwe au ataondoka.

Kwa wabia wawili wanaogawana piza hiyo, hata hivyo, kosa hilo halina hasara. Mwaka 1967 L. J. Upton aliuliza swali katika jarida la hisabati nchini Marekani, na mwaka 1968 Michael Goldberg akalijibu: mikato minne iliyonyooka ikikutana popote ndani ya duara, kwa nyuzi 45 kati ya mmoja na mwingine, watu wawili wanaochukua vipande kwa kurukana hupata eneo sawasawa. Hapa kila mmoja angepata 628.

Mjini Chicago, piza nyembamba za mabaa hukatwa miraba midogo kama ubao wa drafti. Vipande vya katikati havina ukoko, na vya pembeni huishia kuwa vijipembe vya kutafuna mara moja. Havilingani hata kidogo, lakini muuzaji hajali kwa kuwa anauza piza nzima kwa meza yenye watu wengi na vinywaji. Anayeuza kipande kimojakimoja asiige mtindo huo.

Wapo pia Joel Haddley na Stephen Worsley wa Chuo Kikuu cha Liverpool, Uingereza, ambao mwaka 2015 walionyesha namna za kukata duara kwa mistari ya kupinda, vipande vyote vikafanana kabisa huku baadhi tu vikigusa kitovu. Ni kazi nzuri ya hisabati, ila foleni ya saa saba mchana haitaisubiri.

Mtindo unaomfaa zaidi mfanyabiashara mdogo uko Roma, Italia. Huko piza huokwa katika trei ndefu za mstatili na kukatwa kwa mkasi. Mteja huonyesha kiasi anachotaka, muuzaji hukata, hupima kwenye mizani na kutoza kwa gramu. Hakuna ubishi wa kipande kikubwa wala kidogo, na mwenye fedha kidogo hula kulingana na mfuko wake. Trei ya mstatili, aidha, haiachi pembe tupu ndani ya tanuri kama lifanyavyo duara, hivyo mkaa au gesi ileile huoka piza nyingi zaidi.

Muuza keki au mkate wa kumimina anaweza kufanya vivyo hivyo. Kwanza apige hesabu ya gharama kwa kilo baada ya kuoka, si kabla, kwa sababu maji hupotea kwenye moto. Kwa Tanzania, mizani yake iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo, na uzito wa karatasi ya kufungia utolewe kwanza.