Seti ya soketi: usidanganyike na wingi wa vipande

Ukipita Gerezani, Kariakoo, jijini Dar es Salaam, au Kirinyaga Road jijini Nairobi, utaona masanduku ya soketi yamepangwa kwa hesabu: vipande 46, vipande 94, vipande 108, vipande 216. Muuzaji anaanza na hesabu hiyo, na mnunuzi naye anaigawanya bei kwa vipande ili ajue kama amepata nafuu. Hapo ndipo wenye magari wengi wanaotaka kujifanyia matengenezo madogo nyumbani wanapopotea. Biti ndogo isiyokigharimu kiwanda kiasi chochote cha maana inahesabiwa kipande kimoja, na racheti inayobeba kazi yote nayo inahesabiwa kipande kimoja.

Fungua sanduku la vipande 108 uone. Sehemu kubwa ni biti za bisibisi, za nyota na za pembe sita. Seti nyingine zina soketi za vipimo vya inchi, ambazo mwenye Toyota hatazigusa. Ukiondoa vyote hivyo unabaki na soketi chache, na kati ya hizo chache bado kuna ambazo gari lako halizihitaji.

Magari mengi ya barabara zetu yametoka Japani yakiwa yametumika, na Wajapani wana vipimo vyao vya vichwa vya bolti. Bolti yenye unene wa milimita 6 ina kichwa cha namba 10, ya milimita 8 namba 12, ya milimita 10 namba 14. Kwenye gari la Kijerumani bolti ileile ya milimita 8 huwa na kichwa cha namba 13, na ya milimita 10 mara nyingi namba 16. Kwa hiyo mwenye Toyota, Nissan, Honda au Mazda atafanya karibu kazi zake zote kwa namba 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21, akiongeza soketi ya plagi inayolingana na injini yake. Nati za magurudumu ya Toyota huwa namba 21, za Honda namba 19. Namba 13, 15, 16 na 18 ni za kununua kama unamiliki Volkswagen, BMW au Mercedes, na hapo utahitaji pia soketi za nyota.

Fedha iliyookolewa kwenye wingi iende kwenye racheti. Racheti ya meno 24 inataka nafasi ya nyuzi 15 kabla haijashika jino linalofuata. Ya meno 72 inataka nyuzi 5 tu. Kwenye injini iliyobanana kama ya Vitz, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama bolti itafunguka au utalazimika kung'oa kifaa kingine kwanza. Ila meno mengi kwenye chuma dhaifu hukatika upesi. Izungushe dukani taratibu, sikiliza kama inaruka, kisha uliza kama duka lina vipuri vyake vya ndani.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni pembe za soketi. Chagua za pembe sita, si kumi na mbili. Ya pembe kumi na mbili inashika bolti karibu na kona zake, na kona zikishaliwa, kazi ya dakika chache inakuwa ya kuchomelea nati juu ya bolti au kuitoboa kwa drili, tena kwa malipo ya fundi. Kwa wakazi wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, ambako hewa ya chumvi hula vyuma vya chini ya gari, hili si la kujadili.

Upana wa mraba unaoingia kwenye racheti nao una uzito wake. Seti nyingi za vipande 108 zina robo inchi na nusu inchi, zikiruka tatu kwa nane. Robo ni nyepesi mno kwa bolti za breki, nusu ni nene mno kwa sehemu zilizofichika. Kwa kazi za nyumbani ningenunua seti ndogo ya tatu kwa nane, kisha mkono mmoja mrefu wa nusu inchi usio na racheti kwa ajili ya magurudumu. Nati hizo hazifunguliwi kwa racheti, na zikirudishwa zikazwe kwa toki renchi. Kwa Corolla nyingi kipimo ni Newton-mita 103.

Kuhusu majina, Ingco na Total za China zimeenea kwa sababu bei yake inafikika na maduka yake yako karibu. King Tony, Toptul na Force za Taiwan ziko ngazi ya juu yake, na kwa anayefungua gari lake mara kwa mara naona zinalipa. Snap-on ya Marekani, iliyoanza mwaka 1920, ni ya fundi anayeishi kwa spana. Muhuri wa Cr-V, yaani chuma cha kromu na vanadi, pekee usikutulize, kwani hata seti feki huugonga. Angalia kama kuta za soketi zina unene sawa pande zote, kisha ijaribu kwenye bolti mpya: ikicheza, irudishe.

Kuhusu dhamana, nchini Marekani kampuni ya maduka ya Sears iliijenga chapa yake ya vifaa, Craftsman, kwa ahadi ya kubadilisha kifaa cha mkono kilichovunjika maisha yote, na mwaka 2017 jina hilo likauzwa kwa Stanley Black & Decker. Kwetu, dhamana ya namna hiyo ikiwa imeandikwa kwenye sanduku, muulize mwenye duka nani atakayeitekeleza. Muulize pia kama anauza soketi moja moja. Namba 10 ndiyo inayotumika kuliko zote na ndiyo inayopotea kwanza, mara nyingi ndani ya injini, na ukiikosa peke yake utauziwa sanduku zima.