Fahamu: Chuma kinapozidi udongoni, mpunga hudhoofika

Mpunga hauwezi kuishi bila chuma, lakini huko Kasese, Uganda, kinachostahili kututia wasiwasi ni ziada yake. Mgodi wa shaba wa Kilembe uliacha marundo ya pairaiti, madini ya chuma na salfa, na mvua hufanya marundo hayo yatoe maji makali ya tindikali yaliyojaa chuma. Shamba la mpunga likifurika maji hayo, oksijeni huisha udongoni na chuma huyeyuka. Mizizi hukinyonya kupita kiasi, majani huingia madoa ya hudhurungi, machipukizi hupungua na mavuno hushuka. Wapo watakaosema dawa ni mbolea. Potasiamu husaidia kweli, ila haiondoi maji yaliyotuama. Mkulima wa Mubuku au Bwera, huko Kasese, apimiwe udongo kwanza, kisha akaushe shamba kwa vipindi, hewa iingie na chuma kigande tena.